Mwaka Niliolala Nimesimama

Nilipoolewa upande wa Mshangano, vita vya maji vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyovifuata ilikuwa imekwisha pia, lakini mimi nilikuwa nimechoka. Haukuwa uchovu wa kazi. Niliamka nimechoka, nikala nimechoka, nikachoka hata kwa kuwasikia wenzangu wakipangana kwenda shamba. Nikitwanga, mchi ulipanda na kushuka mara chache, kisha nikauegemea na kusinzia. Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, alisimama mlangoni akanitazama.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, nami nasikia, "umeniletea mkwe au mkeka?"

"Mama, mpe muda," mume wangu akajibu kwa upole wake.

Muda nikapewa. Nikaulala wote.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani yetu mmoja, mfinyanzi wa vyungu, alisema kosa ni la marehemu baba yangu. "Baba yake si alikunywa maji ya vita? Waliambiwa risasi zitageuka maji. Risasi hazikugeuka, imegeuka damu ya binti yake!"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, ingawa baba alikwenda vitani asubuhi moja na hatukumwona tena. Siku zile tulijifunza kucheka mambo kama hayo. Tungeyalilia yote, nani angelima?

Wengine wakasema nimelogwa. Akaletwa mganga, akanichanja kifuani na kunikataza kula kuku. Basi nikawa mchovu asiyekula kuku.

Kisha ikaja kazi ya barabara. Wadachi walitaka njia ya kwenda bomani ifyekwe, kila kijiji na kipande chake, nasi wanawake tukatolewa pamoja na wanaume. Jua lilipopanda nikaegemea mpini wa jembe, nikalala nimesimama. Askari msimamizi akaja na kiboko chake. Wenzangu wakapandisha wimbo wa kazi na kupenyeza humo, kwa Kingoni, maneno ambayo askari hakuyajua: amka wewe, kiboko hicho kinakuja! Nikashtuka, nikaanza kulima kwa nguvu zangu zote mahali palipokwisha kulimwa.

"Mnamwona huyu?" askari akasema. "Huyu ndiye anayefanya kazi kwa moyo."

Wenzangu hawakunisamehe sifa hiyo hadi mvua zilipoanza.

Lakini nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nakula udongo. Ukuta wa jikoni, upande wa nyuma, ulikuwa na udongo mwekundu wenye harufu ya mvua ya kwanza, na harufu ile ilinivuta kuliko nyama. Nilikuwa nikimega kidogo, nikatafuna nikiona haya, kisha nikamega tena. Tundu likakua. Mama mkwe akaliona, akasema ni panya, akatega mtego.

Mchana mmoja nilipeleka mkono kama kawaida. Mtego ukanibana vidole, nikapiga ukelele uliowatoa kuku wote uani. Mama mkwe akazunguka nyumba mbio, rungu mkononi, akanikuta nimechuchumaa na udongo midomoni.

Aliutazama mkono wangu mtegoni. Kisha akasema, "Panya wangu anavaa bangili."

Nilingoja kupigwa. Badala yake akaweka rungu chini, akafungua mtego, akanishika kidevu. Akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba. Akaniambia nitoe ulimi. Uso wake ukabadilika.

"Mtoto wangu wa kike alikuwa hivi," akasema. "Alikula udongo, akavimba miguu, na mimi nikamwita mvivu mpaka siku alipokufa. Inuka. Kesho tunakwenda misheni."

Mtu mwenye afya hufika misheni kabla jua halijazama. Sisi tulilala njiani, kwa sababu nilipumzika kila penye kivuli, na penye jua pia. Mama mkwe alibeba mzigo wangu na wake, na juu yake kibuyu cha pombe ya ugimbi ambacho mume wangu alitupatia kwa ajili ya kunitia nguvu. Alinung'unika njia nzima, lakini hakuniacha nyuma hata mara moja.

Misheni ilikuwa imejengwa upya baada ya kuchomwa vitani. Sista wa Kidachi aliyetoa dawa aliongea Kiswahili cha kwenye sala. Akanitazama macho na kucha, akasema, "Binti, damu yako ni haba. Ndani ya tumbo wamo wadudu wadogo, wanakunywa damu."

"Wameingilia wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kwa miguu. Watu wanakwenda haja porini, wadudu wanakaa katika udongo, yeye anakanyaga."

Mama mkwe akaangua kicheko. "Kutoka unyayoni mpaka tumboni! Mwanangu, wadudu wako wanasafiri kuliko wewe. Wewe hata kisimani hufiki."

Sista akanipa dawa ya unga yenye harufu kali, akanionya nisiguse pombe wala mafuta, kwa maana dawa ile ikikutana na pombe huwa sumu. Mama mkwe alikitazama kibuyu kwa huzuni. Akasema si vizuri kuacha kishawishi karibu na mgonjwa, akakinywa chote peke yake, na jioni ile akaimba. Mimi nilikuwa na kazi yangu chooni, na sitaieleza hapa.

Tuliporudi, mama mkwe akamwamuru mwanawe achimbe choo nyuma ya nyumba, kwani kijijini kwetu kila mtu alikwenda migombani. Mume wangu akachimba mpaka kichwa chake kikapotea ndani ya shimo. Mfinyanzi akapita, akaona udongo umerundikwa, na kwa kuwa mimi sikuonekana, nimejilaza ndani ya nyumba, akadhani ni kaburi langu, akajitupa chini na kuanza kunililia. Alinisifu sana: upole, subira, hata bidii ya kazi. Nikatoka nimsikilize vizuri. Aliponiona akakimbia, na kwa siku nyingi alinisalimia kwa mbali.

Mume wangu alinitengenezea makubazi ya ngozi ya ng'ombe. Mama mkwe akawa ananipikia mboga za majani kila siku na ini kila lilipopatikana, na kunisimamia hadi nimalize. Nguvu haikurudi mara moja. Ilirudi kama mgeni mwenye aibu, ikichungulia. Siku moja nikamaliza kutwanga bila kuegemea. Nyingine nikapanda na ndoo ya maji kutoka kisimani na kufika juu bado ninaongea.

Kisha asubuhi moja mama mkwe akaniambia ugali wangu una madonge. Zamani ningenyamaza, maana hata kukasirika kunahitaji damu. Siku hiyo nikashika kiuno, mwiko mkononi, na kumjibu, "Mama, una madonge kwa sababu unanisemesha nikisonga!"

Mume wangu akainamisha kichwa, akingoja radi. Mama mkwe akamega tonge, akalitafuna taratibu.

"Haya," akasema, "sasa tugombane vizuri."

Tukagombana mpaka maji ya kunawa yakapoa.