Niliua Hamira ya Jirani Yangu kwa Maji ya Chai

Nimekosa, na niliyemkosea bado ananiletea samaki kila akitoka ufukweni Dunga. Ndiyo maana naandika bila jina. Hata majina ya hapa nimeyabadilisha. Nisomeeni tu, mnihukumu baadaye.

Tunaishi Kisian, karibu na Kisumu, ploti moja, milango inatazamana. Mimi ni mtu wa Murang'a, niliolewa nikaletwa huku na biashara ya nguo. Mama Laura ni wa hapa hapa. Alinifundisha kupika omena, wale dagaa wa ziwani, mpaka mume wangu akaacha kuiogopa. Mtu kama huyo ndiye niliyemwonea wivu.

Kaka yake, Odhiambo, alikuwa akifanya kazi hotelini ng'ambo. Alipokuja likizo ya mwisho alileta chupa moja ya saida, kile kinywaji cha matufaha. Haikuwa kama hizi za supamaketi zilizochujwa zikapashwa moto. Chini yake kulikuwa na unga mweupe umetulia. Akamwambia dada yake ule unga ni hamira, na iko hai.

Wakanywa ya juu, wakaacha vidole viwili chini. Mama Laura akamwagia juisi ya matufaha iliyochemshwa ikapoa, na kijiko cha sukari, akafunika kwa kitambaa. Siku ya tatu ikaanza kutoa povu. Tangu hapo alikuwa akiilisha juisi kama mtu anayelisha kifaranga. Odhiambo alirudi kazini, na miezi michache baadaye akaletwa kwenye jeneza. Hamira ikabaki.

Saida ya kwanza Mama Laura alitugawia Jumapili moja baada ya kanisa. Mume wangu akanywa, akafumba macho.

"Mama Laura," akasema, "hii umetengeneza na mikono gani?"

Miaka kumi na minne nampikia huyo mwanamume. Hajawahi kufumba macho hivyo kwa lolote langu! Nilicheka na wengine, lakini moyoni nilikuwa nikiungua.

Jioni hiyo hiyo Mama Laura akaja na chupa ya jemu. Alikuwa amegawa hamira yake nusu kwa nusu.

"Shika, nyar gi mama," akaniambia. Huniita hivyo akifurahi, yaani dada yake. "Hii kitu ikifa kwangu, nitakuja kuchukua kwako. Ni kama moto, mtu anaomba kwa jirani."

Nilishukuru vizuri. Alipofunga mlango wake nikaimwaga yote kwenye sinki, nikafungulia maji. Sikutaka kitu chake nyumbani mwangu. Kila aliponiuliza yangu inaendeleaje, nilimjibu inachemka sawasawa.

Mwaka ulipokaribia kuisha tangu mazishi, familia yao ikapanga siku ya kumkumbuka Odhiambo. Mama Laura alitaka kitu kimoja tu: kila mtu wa boma lao apate glasi ya saida iliyotoka kwenye chupa ya marehemu. Akaenda nyumbani kwao Seme siku nne kutengeneza mambo, akaniachia hamira yake.

"Wewe unaijua, unayo yako," akasema. "Asubuhi fungua kifuniko ipumue. Ni hiyo tu."

Siku ya pili mume wangu akauliza, akiwa hata hajamaliza chai niliyompikia, "Kwani saida ya Mama Laura itakuwa tayari lini?"

Alipotoka nikachukua ile chupa. Nikachukua pia thamosi ya maji ya chai. Nikamimina humo maji ya moto mpaka chupa ikaniunguza vidole. Hamira haikulia, haikubadilika rangi. Ilitulia tu, na mimi nikaosha vyombo.

Mama Laura aliporudi akaitia kwenye ndoo ya juisi. Siku ya kwanza kimya, siku ya pili kimya. Siku ya tatu nikasikia mlango wangu ukigongwa, nikajua.

Nilidhani amekuja kunishtaki. Alikuwa anatabasamu, ameshika chupa tupu.

"Yawa, imekufa," akasema. "Nafikiri niliweka juisi kama bado ina moto. Lakini si nilikupatia yako? Nipe kidogo tu. Aki nilikuwa nimelia, halafu nikakumbuka wewe."

Hapo ndipo ningesema. Mungu aliniwekea mlango wazi kabisa. Nikamwambia, "Niachie hiyo chupa, niilishe yangu kwanza, kesho utachukua."

Nikaenda dukani nikanunua hamira ya mandazi. Nikaikoroga na juisi na sukari. Asubuhi ilikuwa na povu zuri kuliko la kwanza. Mama Laura alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Siku ya kumbukumbu nilienda Seme na mume wangu. Baada ya sala, saida ikamiminwa. Mama yao mzee akapewa glasi ya kwanza. Akanywa polepole, akaishika glasi kwa mikono miwili, akasema kwa Kijaluo kitu ambacho mume wangu, aliyejifunza lugha kwa wateja wa nguo, alinitafsiria baadaye: kwamba sasa amekula na mtoto wake.

Mama Laura akanywa yake. Nilikuwa namwangalia. Alionja, akainusa glasi, akaonja tena. Ilikuwa na harufu ya mkate. Hakusema kitu mbele ya mama yake. Alimaliza glasi yote.

Tukiosha vyombo nyuma ya jikoni ndipo aliponiuliza, bila hasira, "Mama Shiru, yako ilikufa lini?"

Nikasema, "Zamani. Niliona haya kukwambia."

Kisha akanishika bega kwa mkono wenye sabuni. "Si makosa yako. Hata mimi niliua yangu na juisi ya moto. Pole kwa kukubebesha."

Aliniomba msamaha! Mimi! Na hata hapo sikufungua mdomo juu ya thamosi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake. Siku hizi tukienda supamaketi pamoja, yeye hunyanyua kila chupa ya saida kwenye mwanga, akitafuta unga chini. Nami hunyanyua, namsaidia kutafuta. Zote ni safi. Mume wangu hajawahi kuitaja tena saida, wala chai yangu.

Dada unayesoma haya, jirani akikugawia nusu ya kitu chake, hata kama roho inakuuma, iweke pale kwenye rafu uilishe. Siku moja atakugongea mlango ameshika chupa tupu, anatabasamu, kwa sababu amekumbuka wewe.