Fahali Aliyejiona Kwenye Kioo Kipya

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, pale chini kwenye kona ya kioo cha mbele, upande wa abiria. Nilikuwa nimeishi nao muda mrefu bila ugomvi. Lakini mkaguzi wa magari pale Biharamulo, kijana mpole aliyeonekana kama amepigwa pasi mwili mzima, aliuona kabla hata sijazima injini. Akakagua breki, akaridhika. Akakagua taa, akaridhika. Kisha akaurudia ule ufa, akaufuata kwa ukucha.

"Dada, ufa huu utakua."

"Haujakua tangu ninunue gari."

"Ndiyo tabia yake. Unakaa kimya, halafu siku moja unakua wote kwa mpigo. Badilisha kioo, kisha urudi."

Nikabadilisha. Kioo kipya kilitoka Mwanza kwa basi, kimelazwa katikati ya magodoro kama mgonjwa anayepelekwa rufaa. Niliporudi, mkaguzi alikitazama kwa furaha, akabandika stika ya ukaguzi kwenye kona na kuikandamiza kwa kidole gumba. Gari langu sasa lilifaa kuwa barabarani. Niliondoka pale na kiburi kidogo.

Kesho yake nilimrudisha mama yangu nyumbani kwake Nyamiaga, kule Ngara. Alikuwa amekuja kwangu kupimwa macho. Kabla ya kuondoka nilikisugua kioo kwa gazeti lenye maji mpaka kikawa kama hakipo. Mama alipoingia garini alinyoosha mkono akakigusa, kuhakikisha.

Nyakahura tukasimama na kushuka kununua nyanya. Tulikuwa tumeinamia mafungu niliposikia watu wakipiga kelele. Kundi la ng'ombe lilikuwa linapita kwenda mnadani, na fahali mmoja mweusi mwenye nundu kubwa alikuwa amesimama mbele ya gari langu, hatikisiki. Alikuwa anatazama kioo. Ndani ya kioo, fahali mwingine mweusi, mwenye nundu ileile, alikuwa anamtazama yeye. Wetu akainamisha kichwa. Yule naye akainamisha. Nilifungua mdomo nipige kelele. Unamwambia nini ng'ombe katika hali kama ile?

Akapanda boneti kwa miguu ya mbele, akatia pembe.

Kioo cha mbele hakimwagiki kama cha dirishani. Kilipasuka chote, kikabaki kimeshikana, kimebonyea ndani kama kitanda cha kamba kilicholegea. Fahali akashuka, akamtafuta adui yake, asimwone, akaondoka kwa hatua za mshindi.

Mwenye ng'ombe, mzee wa Kisukuma aliyekuwa akilifuata kundi kwa pikipiki, alikuja mbio.

"Mayu, nisamehe," akamwambia mama. "Huyu hana ugomvi na watu. Ameona mwenzake."

"Nimeona," mama akasema. "Wamefanana sana."

Sikujua nicheke au nilie. Mzee alinisaidia kuking'oa kile kioo. Tulipotaka kukitupa, mama akatuzuia. "Stika isitupwe. Hiyo ndiyo iliyokaguliwa." Basi mzee akakata ile kona kwa kisu chake, mama akaifunga ndani ya sweta na kuipakata. Kisha mzee akavua helmeti yake, akamvalisha mama kwa heshima kubwa na kumfunga mkanda kidevuni. Tungemrudishia siku nyingine ya mnada. Mimi nikavaa miwani ya jua.

Sikuwahi kujua kwamba hewa ya njia ile ina wadudu wengi kiasi hicho. Nilikuwa nikiendesha mdomo umefungwa, huku mama akizungumza mfululizo ndani ya helmeti, nami sisikii neno.

Karibu na njiapanda ya Ngara, askari wa usalama barabarani alitusimamisha. Alizunguka gari lote, akarudi mbele, akaingiza mkono pale ambapo kioo kingekuwa. Ukapita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona umevaa helmeti ndani ya gari?"

"Hakuna kioo."

Akanigeukia. "Gari limekaguliwa?"

Kabla sijajibu, mama alifungua sweta, akainua kile kipande cha kioo. Askari akaisoma stika, akailinganisha na namba ya gari, akaisoma tena. Akasogea pembeni kumpigia simu mkubwa wake. Tulimsikia vizuri, maana hapakuwa na cha kutuzuia kusikia.

"Stika ni halali, afande. Kioo hakipo. Hapana, stika ipo. Ipo kwenye kioo. Kioo kipo kwa mama."

Akasikiliza, kisha akatuuliza kilichotugonga.

"Ng'ombe," nikasema. "Gari lilikuwa limesimama."

"Kwa hiyo ng'ombe ndiye mwenye kosa."

"Na hakukaguliwa," mama akasema.

Askari aliinamisha uso kwenye simu, mabega yakitikisika. Alipojiweza, akatuambia mkubwa wake ameamuru nimfikishe mzazi nyumbani polepole, na gari lisitoke huko bila kioo. Akampigia mama saluti. Mama akamrudishia, mkono ukagonga helmeti.

Baadaye nilirudi Biharamulo na kioo kingine, na kipande chenye stika mkononi. Nilimweleza mkaguzi habari yote. Alinisikiliza bila kutabasamu, akaniuliza swali moja tu: kama kile kioo nilikuwa nimekisafisha. Nikakubali. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa mgonjwa hakumaliza dozi.

Siku hizi nikisimama Nyakahura nafunika kioo kwa gunia. Wapita njia huuliza kama gari linauzwa, au kama kuna msiba. Wenye ng'ombe hawaulizi. Wanapita, wanalitazama gunia, wananisalimia.