Fundi wa Wadi Kabir anayekataa kufunga rimu zisizoingia

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, na Justus Mwombeki ameshashika kiuno. Mbele ya gereji ya matairi anayofanyia kazi Wadi Kabir, mjini Muscat, kijana anateremsha rimu nne zinazong'aa kutoka kwenye pikapu ya rafiki yake. Zimekwishavishwa matairi. Anazipanga kivulini moja moja, taratibu, kama mtu anayelaza watoto.

Justus hazitazami rimu. Anatazama gari zitakapofungwa, Kamri nyeupe ya miaka minane, ambayo ni ya mama wa kijana.

“Umenunua wapi, Bwana Aflah?”

“Soko la Ijumaa, jana.”

“Ulikwenda na gari lenyewe?”

“La, nilikwenda na pikapu hii.”

“Sasa ulipima nini?”

“Nilihesabu matundu ya nati,” anajibu Aflah kwa kujiamini. “Rimu hizi zina matano, na gari la mama lina matano.”

Justus anafumba macho kwa muda, kisha anayafumbua na kwenda kuchukua tepu ya kupimia.

Hivyo ndivyo Jumamosi zake zinavyoanza. Kila Ijumaa soko la Wadi Kabir hujaa magari na vipuri vilivyotumika, na watu hununua rimu kwa macho. Kesho yake wanazileta kwa Justus, naye anawaambia haziingii, nao wanakasirika. Amekuwa katika kazi hii ya kuwaudhi watu kwa miaka sita.

“Mtu akinunua kiatu anapima mguu,” anasema. “Akinunua rimu ya gari linalombeba mama yake, anachagua rangi. Halafu mimi ndiye ninayeonekana mkorofi.”

Justus ana miaka 43 na ni mwenyeji wa Muleba, mkoani Kagera. Ufundi aliusomea kwa mikono yake Mwanza, kwenye yadi ya malori. Hapa Muscat analipwa riali 190 kwa mwezi na kulala chumba kimoja na wenzake watatu. Sehemu kubwa ya mshahara huenda Mwanza kwa mkewe, Nyamizi, na watoto watatu, ambao wa kwanza, binti, yuko kidato cha tano.

Mwenye gereji, Fahd, ni Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Zanzibar. Alimwajiri Justus kwa sababu wateja wengi wanatoka katika familia kama yake, na wanapenda kueleza shida ya gari kwa Kiswahili. Hakujua kwamba fundi huyo naye angekuwa na mengi ya kuwaeleza.

Mkataba wa Justus unakwisha tarehe 30 Juni. Wiki tatu kabla ya Jumamosi hii, Fahd alimwita ofisini akamwambia kwamba akiendelea kufukuza wateja, hatamwongezea muda. Bila mkataba hakuna kibali cha kuishi Oman, na bila kibali ni kupanda ndege. Kwa hiyo kila rimu anayoikataa sasa, anaikataa akijua inaweza kumrudisha nyumbani mikono mitupu.

Tepu inatoa majibu mabaya. Tairi la Kamri, kwa mujibu wa kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ni 215/55 kwa rimu ya inchi 17. Matairi ya Aflah ni 245/45 kwa rimu ya inchi 20.

Justus anaeleza kwa mara ya elfu, na sauti yake inaonyesha kuwa ni ya elfu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa shavu la tairi, ukihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Ya tatu ni rimu. Mtu akitaka rimu kubwa zaidi, ruhusa, ila shavu lipungue kwa kadiri ileile, ili gurudumu zima libaki na kimo kile kile. Matairi haya yanazidi ya zamani kwa sentimita sita kutoka juu hadi chini.

“Maana yake nini?” anauliza Aflah.

“Maana yake yatakwaruza ndani ya madigadi. Tena mshale ukikuonyesha 120, wewe uko 131, na kamera ya barabarani haitazami mshale wako.”

Kuna jambo jingine. Tundu la katikati ya rimu hizi ni pana kwa milimita sita kuliko kitovu cha gari kinachopaswa kuingia humo. Hapo huwekwa pete ya kuziba nafasi, la sivyo gurudumu hutetemeka. Pete hizo zilikuwepo, Aflah anakiri, lakini alizitupa akidhani ni plastiki za kufungia mzigo.

Mtu anajua majina ya wachezaji wote wa timu ya Hispania, wa akiba pamoja, lakini hajawahi kusoma kibandiko kilicho kwenye mlango anaoufungua kila siku. Mwandishi wa makala haya naye, ni haki kukiri, alikwenda kukisoma cha gari lake jioni hiyo hiyo.

Justus hapendi kubishana kwa maneno, kwa hiyo amebuni mtihani. Hufunga rimu mbili za mbele tu, akapaka chaki nyeupe kuzunguka mabega ya matairi, akalijaza gari watu anaowaazima kwenye mgahawa wa chai wa jirani. Kisha hukata usukani hadi mwisho na kulipandisha gari kwenye tuta la mlangoni. Chaki ikihamia ndani ya madigadi, tairi limegusa na ubishi umekwisha. Mtihani huchukua dakika arobaini. Fahd anauchukia.

Leo watu wa mgahawani hawahitajiki, kwa sababu kwenye kiti cha nyuma kuna mwanamke. Bi Masouda, mama yake Aflah, amekuja kwa kuwa wakitoka hapa wanakwenda Matrah kununua udi wa harusi. Badala ya watu, Justus anapakia matairi mabovu na mifuko miwili ya mchanga kwenye buti.

“Shikamoo mama. Ungeteremka kidogo tufanye jaribio.”

“Marahaba mwanangu. Mie nnakaa hapa hapa. Jua lote hili nishuke niende wapi?”

Gari linakata kona, linapanda tuta, na mlio unaotoka chini unawafanya wanywaji chai wasimame.

“Ala! Aflah! N'nini hicho? Gari langu lakatika!”

Justus anazima gari na kumwita Aflah ainame. Ndani ya madigadi yote mawili kuna mistari ya chaki yenye upana wa vidole viwili. Aflah anaitazama, halafu anauliza swali ambalo Justus analijua kabla halijatamkwa.

“Si hiyo plastiki ya ndani yaweza kukatwa kidogo tu?”

Alhamisi binamu yake anaoa huko Sur, mwendo wa saa mbili, na Aflah anataka kuwa mbele katika msafara wa magari. Atambeba mama yake na mama wadogo wawili. Justus anapiga hesabu ya uzito wa kina mama watatu waliovaa nguo za harusi, na anasema hapana.

Hapo Fahd anatoka ofisini.

“Wee Justus, mfungie mtoto wa watu anachotaka! Mie nimekuajiri ufunge matairi, sikukuajiri uwe askari wa trafiki.”

“Arbab, gari hili litamuua mtu.” Arbab ndivyo wafanyakazi wa hapa wanavyomwita mwajiri.

Wote wanamgeukia Bi Masouda, mwenye gari, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akipiga kelele. Ungetegemea amalize jambo. Anamtazama mwanawe, na uso unalainika.

“Basi mwanangu, mfungie tu. Harusi yenyewe siku moja, ataka apendeze mbele ya wenzake.”

Justus anafungua rimu mbili alizozifunga na kurudisha za zamani. Aflah anavuka barabara hadi gereji nyingine. Dakika ishirini baadaye plastiki imekatwa kwa kisu, rimu nne zinang'aa, na Bi Masouda anapunga mkono kwa upole dirishani wakati wa kuondoka. Magurudumu ya zamani yako kwenye pikapu inayowafuata.

“Huyo ni wa kumi na moja mwezi huu,” anasema Fahd, na kurudi ofisini.

Alipoulizwa ofisini kwake, Fahd hakumsema vibaya fundi wake. “Wallahi, Justus hajakosea hata mara moja. Na kila akipatia, mteja aniondokea. Nifanye nini na mtu kama huyo?”

Kwa nini hafungi tu, kama wenzake? Mwaka 2014, Mwanza, alifunga matairi makubwa kupita kiasi kwenye gari dogo la abiria kwa sababu mwenye gari alisisitiza. Tairi moja lilijikwangua ndani ya madigadi kwa siku kadhaa likapasuka njiani. Dereva alivunjika nyonga.

“Hakunilaumu hata kidogo. Alidhani ni bahati mbaya, akaniletea na mkungu wa ndizi kunishukuru kwa kwenda kumtazama hospitali,” anasema Justus. “Mimi ndiye niliyekaza zile nati. Ndizi zile sikuzila, na bado zinaniudhi hadi leo.”

Jumanne Aflah alirudi, peke yake. Bega la ndani la tairi la mbele kulia lilikuwa limelika hadi nyuzi zikaonekana, na usukani ulitetemeka kila alipofika kilomita mia kwa saa. Aliomba arudishiwe magurudumu ya zamani kabla ya safari ya Sur, na Justus akayafunga. Mtu angetarajia samahani, au walau asante. Aflah alitoa simu na kuonyesha picha.

“Na hizi, fundi? Hizi ni inchi 19.”

Justus anasimulia hayo huku akijipangusa uso kwa kitambaa ambacho hakina tena sehemu safi.

Jumatano, siku nne kabla ya mkataba kwisha, gari lililosimama kwenye tuta ni la Fahd mwenyewe. Alfajiri ya kesho anakwenda Salalah na mkewe na watoto wanne kufuata mvua za msimu, safari ya karibu kilomita elfu moja, sehemu kubwa ikiwa jangwa tupu. Shemeji yake amempa matairi manne yaliyo mapana na marefu kuliko ya Landkruza yake.

“Funga haya,” anamwambia Justus. Kisha, bila kumtazama usoni, “Na ile chaki yako uifanye.”

Watoto wanapanda kwa kusukumana, na Maram, mdogo wao, anataka kushika chaki. Masanduku yanajazwa nyuma. Justus anakata usukani, anapanda tuta, anashuka, anainama. Kushoto mbele, ndani kabisa, kuna alama nyembamba nyeupe.

Fahd anainama naye. Anaitazama kwa muda usiozidi sekunde tatu.

“Toa. Nirejeshee yale ya zamani.”

Haulizi kama plastiki yaweza kukatwa. Justus anakagua ya zamani moja moja, anasoma tarakimu nne za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, na kuridhika kwamba hayajachoka. Anayafunga. Amepiga goti kwenye gurudumu la mwisho anaposema, kwa sauti ya kawaida:

“Arbab, yule mama wa Jumamosi naye alikuwa amekaa kiti cha nyuma.”

Fahd anawatazama watoto wake kwenye dirisha.

“Kaza nati,” anasema hatimaye.

Kuhusu mkataba hakusema lolote, na jioni ile Justus alianza kupanga nguo zake kwenye sanduku. “Nilijiona mjinga,” anasema. “Nimepata nafasi ya kumwomba mtu, nikaitumia kumchoma.”

Siku hizi mikataba huthibitishwa kwa simu. Alhamisi kabla ya magharibi ujumbe wa uthibitisho uliingia, na nyuma yake sauti ya Fahd, ambayo Justus alimsikilizisha mwandishi mara tatu bila kuombwa.

“Tumefika. Gari limetulia, watoto wamelala njia nzima. Nimeshauthibitisha mkataba wako, miaka miwili, khalas. Lakini wallahi Justus, jifunze kuwaambia watu kwa ulimi mtamu.”

Kuhusu ulimi mtamu hajaahidi. Miaka miwili ikiisha, binti yake atakuwa amemaliza kidato cha sita, naye anakusudia kurudi Mwanza kufungua gereji yake. Mtihani wa chaki utakuwa wa lazima kwa kila atakayetaka kubadili saizi, na asiyetaka aende kwingine.

Lakini hiyo ni mipango ya baadaye. Kesho kutwa ni Jumamosi, na Justus ameshafanya hesabu yake.

“Miaka miwili ni Jumamosi mia moja na nne,” anasema. “Simwombi Mungu zote. Naomba moja tu, mtu mmoja aje na gari kwanza, aniulize, ndipo akanunue.”