Nilivyomuua Mama Mkwe kwa Kisanduku cha Tarehe

Mama mkwe wangu alifariki Jumanne saa nne asubuhi, na saa nne na robo akanipigia simu.

"Nasikia nimekufa," alisema. "Natafuta miwani nisome vizuri nimekufa kwa nini. Nakuja hapo."

Aliyemuua ni mimi. Sikutumia kisu wala sumu. Nilitumia kisanduku kimoja kidogo kwenye kompyuta.

Kaeni niwaeleze.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Shule niliishia darasa la sita, na sioni haya kulisema. Miaka thelathini nimetengeneza mageti na madirisha, mpaka daktari akaniambia nichague: cheche au macho.

Nikachagua macho.

Sasa, karakana yangu ilikuwa na ubao. Kila asubuhi niliandika kwa chaki habari za mtaa: bomba lililopasuka, mbuzi aliyepotea, nani kafaulu mtihani. Watu walisimama kusoma hata kama hawakuwa na shida ya geti. Mteja mmoja akanidokeza kuna mafunzo ya waandishi wa habari wanaoanza, ya kutengeneza tovuti na kuchapisha mtandaoni. Miezi mitatu. Mwisho wake, kituo cha redio cha jirani kingechukua wanafunzi wawili waendeshe tovuti ya kituo.

Nikaona hapo ndipo pa kupatia mkate bila cheche.

Darasa lilikuwa chumba juu ya duka la viatu. Tulikuwa kumi na mmoja, na hao kumi wote ningeweza kuwazaa. Mwalimu alikuwa rika la binti yangu wa kwanza, lakini akikutazama unajikuta umevua kofia. Ubaoni aliandika sheria moja na hakuifuta kamwe: ANAYECHAPISHA UONGO ANAKWENDA NYUMBANI.

Wiki ya kwanza nilitengeneza ukurasa wa rangi saba. Mwalimu akauliza kama ni tovuti au ni bembea. Nikamjibu kwamba geti lisilopakwa rangi hushika kutu.

Wiki ya sita akatufundisha jambo lililonishangaza. Kumbe magazeti huandika tanzia za watu wakubwa kabla hawajafa. Maisha ya mtu yanawekwa akiba kama rasimu, siku yake ikifika ni kumalizia tu. Akatupa kazi: kila mmoja aandike tanzia ya akiba ya mtu mkubwa anayemfahamu.

Wenzangu wakaandika mawaziri na wacheza mpira. Mimi mtu mkubwa ninayemfahamu ni mmoja.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Siku niliyokwenda kuposa aliniuliza saba mara nane ni ngapi. Jasho likanitoka, nikasema hamsini na nne. Miaka ishirini na sita sasa, nikibisha hodi kwake ananijibu, "Karibu, hamsini na nne."

Niliandika ukweli mtupu. Kwamba ana amri mpaka kwa kuku. Kwamba hajawahi kumwomba radhi kiumbe yeyote mwenye miguu miwili. Na kwamba mwaka ule karakana yangu ilipoungua, alikuja kwa miguu wiki nzima, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasugua masizi kwenye vyuma vyangu kwa msasa, na akanikataza kumwambia mtu. Nikamalizia: "Hakuwahi kunipenda, lakini alinifaa kuliko walionipenda."

Jumanne nikaanza kuiingiza kwenye tovuti. Jina, picha, maneno. Pembeni nikaona kisanduku kimeandikwa Tarehe. Nikajiambia, tanzia bila tarehe ya kuzaliwa ni geti bila bawaba. Nikaweka siku yake, mwezi wake, mwaka 1953. Nikabonyeza kuhifadhi.

Kumbe kisanduku kilikuwa kinauliza habari itoke lini. Kompyuta ikaona tarehe imepita zamani, ikadhani nimechelewa, ikaitoa hapo hapo.

Ukurasa wangu ulikuwa na wasomaji wanne: mimi, mwalimu, mke wangu, na mama mkwe, ambaye aliingia kila siku kuhesabu makosa yangu. Ndani ya robo saa wasomaji walifika mia sita. Sikuelewa wametokea wapi.

Mke wangu akapiga simu analia mpaka nikamwambia mama yake kanipigia sasa hivi na ananigombeza kama kawaida. Mjomba wake alishaanza safari na turubai la msiba. Mume wa mdogo wa mke wangu, yule mwenye digrii mbili, aliandika neno moja tu kwenye grupu la familia: "Poleni."

Mwalimu alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Fundi," alisema polepole, "sheria unaiona."

Nikaanza kufunga begi. Wiki zote zile, na macho yangu haya, ndiyo narudi kwenye cheche.

Mlango ukafunguliwa. Marehemu akaingia, kavaa viatu vya sherehe. Binti mmoja wa darasa letu alipanda juu ya meza kwa woga.

"Mwalimu," mama mkwe alisema, "huyu hajachapisha uongo. Kachapisha mapema."

Mwalimu akamjibu kwa heshima kwamba mapema ya namna hiyo ni uongo. Mama mkwe akavuta kiti cha mbele, akauliza mwandishi akikosea hufanya nini. Akaambiwa husahihisha, haraka na hadharani.

"Basi asahihishe. Mimi sikumfukuza mtoto kabla hajasahihisha."

Nikaandika: "Saa nne tulitangaza kwamba mama mkwe wa mhariri amefariki. Hajafariki. Ameketi hapa, na anasema ukuu wa shule aliupata mwaka mmoja kabla ya ule tuliouandika. Tunamwomba radhi yeye, familia, na mjomba mwenye turubai."

Masahihisho yale yalisomwa kuliko tanzia. Redio ilinichukua kwa sababu ya masahihisho hayo.

Lakini wale mia sita waliendelea kunikera. Wiki iliyopita nikapekua grupu la familia kutafuta nani wa kwanza kutupa linki siku ile, watu wakaisambaza. Ilitumwa saa nne na dakika tano, dakika kumi kabla sijapigiwa simu.

Mtumaji: marehemu mwenyewe, na katika vilio vile hakuna aliyetazama jina. Miwani ilikuwa puani muda wote.

Nikaenda kumuuliza. Hakukana.

"Miaka ishirini na sita nasubiri useme neno zuri juu yangu," alisema. "Umelisema, halafu nikae nalo peke yangu? Na nilitaka kuona nani atalia. Yule wa digrii mbili nimeshampa alama zake."

Jamani, soma kisanduku kabla hujakijaza. Ukikosea, sahihisha mbele ya wale wale uliowapotosha. Na sifa za mtu mpe angali ana meno ya kuchekea, maana wafu hawana intaneti, ukimtoa mama mkwe wangu.

Nilipofika getini, geti nililomtengenezea mwenyewe, akaniita.

"Jumapili uje na mke wako, hamsini na tano."

Bado moja.