Jenerali Mwenye Uso Mwekundu

Harufu ya udi wa Kichina hunitia hasira kabla sijakumbuka kwa nini. Ilijaa dukani kwa Bwana Lin, mtaa wa Mayfair, Johannesburg, ambako mama alipewa pembe ya kuweka cherehani yake mwaka nilipotimiza miaka kumi. Ilichanganyika na harufu ya mabegi mapya ya plastiki na mafuta ya mashine, ikishuka kutoka kwenye rafu ilikowekwa sanamu ya jenerali wa kale wa Uchina aitwaye Guan Yu: joho la kijani, ndevu ndefu hadi tumboni, uso mwekundu kama nyanya. Bwana Lin alinieleza, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kwamba adui alimteka akampa dhahabu na cheo, naye akaviacha vyote akarudi kwa rafiki aliyemwapia udugu. Ndiyo maana waigizaji wa kwao humpaka uso rangi nyekundu. Ni rangi ya mtu asiyesaliti. Nilimpenda sana jenerali yule.

Shida ilikuwa neno lenyewe. Sisi tulitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na kwetu jenerali si mtu wa hadithini. Ni yule ambaye vijana wake walichoma nyumba ya babu, baba yake mama, wakaondoka na mbuzi pamoja na mdogo wake mama. Kila aliyekuwa na bunduki kumi alijiita jenerali. Kwa hiyo pasta wetu alipokuja kupimwa suti akaiona sanamu, hakutaka maelezo.

"Jenerali, na uso iko nyekundu vile?" akamwambia mama kwa Kiswahili cha kwetu. "Iko shetani ile."

Wiki iliyofuata alikuwa ameshatunga igizo la sikukuu ya vijana: pepo wa vita mwenye uso mwekundu anakemewa na kutupwa motoni. Pepo nilipewa mimi, kwa kuwa mama angenishonea joho. Nilijaribu kusema kwamba hadithi yake si hiyo, nikaambiwa mtoto hafundishi wakubwa. Mama alijua ukweli na alinyamaza, kwa sababu kanisa ndilo lililotupa pa kulala tulipofika Johannesburg. Kwa hilo sijamaliza kumkasirikia.

Kibaya zaidi, kitambaa kilitoka kwa Bwana Lin. Aliposikia kwamba nitamwigiza jenerali wake, alikata satini ya kijani bora kuliko zote dukani, na Jumapili akaja mwenyewe, amevaa koti, akaketi katikati ya akina mama. Nilipotokea nimepakwa lipstiki uso mzima, alisimama akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha vijana wakanizunguka, wakaning'oa ndevu za uzi, wakanivua joho na kulikanyaga, na kanisa zima likashangilia. Hakujua Kiswahili, lakini lile halikuhitaji mkalimani. Alitoka taratibu kabla ya maombi. Jumatatu hakutufukuza, alimwomba tu mama asogeze cherehani mbali na rafu, na mimi hakunisimulia tena chochote. Nilikuwa mtoto, sikujua namna ya kuomba radhi. Wakubwa walijua, na hakuna aliyekwenda.

Siku hizi Guan Yu yuko hadi kwenye michezo ya simu. Wanangu humchezesha, amejaa misuli, anafyeka watu kama majani, na huko pia hakuna anayeuliza alikuwa mtu wa namna gani. Yangekuwa hayo tu ningekaa kimya. Lakini mwezi uliopita kanisa letu lilipokea mgeni kutoka nyumbani, jenerali wa kweli kabisa, suti safi, anayekuja Sandton, mtaa wa matajiri, kwa biashara ya madini. Pasta yuleyule, mzee sasa, alimpandisha madhabahuni, akamwita mheshimiwa, akatuomba tusimame tumpigie makofi. Watu wakasimama. Mama alibaki ameketi, akimtazama mgeni kwa muda mrefu.

"Huyu njo alichoma nyumba ya baba yangu," akasema, wala hakunong'ona.

Waliokuwa mbele yetu waligeuka wakamwonyesha ishara anyamaze. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, nao wakazidisha makofi ili asisikike.