Ujumbe wa Wanging'ombe

Wapendwa, leo tumemzika mama yake Tumaini bila kwaya, na chanzo ni kialama kimoja.

Nimechoka, lakini acha niwaambie.

Mnajua ujumbe wa kwaya huwa nautuma kwa kompyuta ya hapa dukani Makambako. Naandika maneno kati ya vialama viwili, kimoja mwanzo, kimoja mwisho, nabonyeza, simu zenu zinalia.

Asubuhi nikaandika: 'Gari la kwenda kuzika Wanging'ombe linaondoka saa nne.'

Kimya.

Nikasema mtandao mzito. Nikangoja, nikaomba, nikangoja tena.

Hamisi wa duka la simu la jirani akachungulia.
"Mama Neema, haijagoma hiyo. Inakungoja wewe!"

Kumbe ilipofika kwenye kialama cha ng' ya Wanging'ombe, kinachofanana na vile viwili, ikadhani maneno yameisha. Kile cha mwisho ikakihesabu mwanzo mpya, ikakaa inasubiri nifunge.

Hamisi akaweka kimstari cha kulalia nyuma kabla ya kile cha katikati, ili mashine ijue ni sehemu ya jina tu. Ujumbe ukaenda, lakini saa nne ilikuwa imeshafika.

Gari nalo likawa linapiga honi. Nikapanda na mchungaji na wazee wachache.

Makaburini Tumaini akaninong'oneza, "Dada, wenzio wako wapi? Mama aliutaka ule wimbo wenu."

Nikauimba peke yangu. Ubeti wa pili sauti ikakatika.

Kesho baada ya ibada tunarudi kumwimbia. Nimeshaongea na dereva, na nyie nitawapigia mmoja mmoja.

Nani anakuja?