Wageni wa Mzee Ndani ya Mashine

Nyie, sogeeni huku motoni! Na wewe mwenye hindi la kuchoma, tafuna taratibu, maana hii habari hata mimi ninayeisimulia bado inanitetemesha.

Mzee wangu mnamjua. Mkono wake ulianza kutetemeka kidogo kidogo, mwisho ukawa ukimpa chai hapa Kilolo, kikombe kinafika mdomoni kitupu, chai yote imeshafika Makambako. Hilo tulilizoea, tukawa tunacheka wote.

Kilichonitoa roho ni wageni. Jioni moja tumekaa sebuleni wawili tu, mara akageukia ukuta, akausalimia Kihehe: "Kamwene! Kamwene!" Halafu akaniambia, "Mke wangu, lete ulanzi. Hawa watu wafupi wenye makoti wametoka mbali."

Watu gani? Ukuta mtupu! Nywele zilinisimama mpaka kilemba kikainuka. Lakini kwetu mgeni haachwi na koo kavu. Nikaleta ulanzi, nikauweka pale ukutani, mimi sasa natetemeka kuliko yeye. Ikawa hivyo kila jioni. Majirani wakasema amelogwa.

Binti yetu aliyeolewa Mbeya akasema, "Mama, acha kunywesha ukuta pombe. Mleteni baba hospitali."

Tukaenda. Daktari, binti mdogo hata mjukuu wangu anamzidi umri, akamsikiliza mzee, akamkunja mikono, akamtembeza. Akanivuta pembeni.

"Bibi, huo mtetemeko na hao wageni ni ugonjwa mmoja wa ubongo. Hajalogwa. Ila wengine wenye ugonjwa huu wana pia uchafu mwingine kichwani, tunauita amiloidi. Wenye huo, mara nyingi kumbukumbu inawahi kuondoka."

"Itaondoka mpaka na mimi? Atanisahau?"

"Inaweza kutokea, bibi."

Nikakaa chini, sakafuni kabisa. Miaka yote nimeishi na huyu mwanaume, leo anitazame kama muuza vitunguu wa stendi?

"Basi mpige picha tuuone huo uchafu!"

"Mashine ya kuuona huo hapa hatuna, bibi. Ya kwetu inaonyesha kama kuna uvimbe au damu imevuja. Tuanze na hiyo."

Hiyo mashine, jamani! Tundu lake lingemeza ng'ombe wote wa Usangu na wachungaji wao. Mzee akafika mlangoni, akagoma.

"Siingii. Kumejaa. Wale wa makoti wameshalala humo."

Mpiga picha akamwambia, "Mzee, hamna mtu." Kazi bure. Binti yetu akabembeleza, kazi bure. Mimi nikaona hapa bila mwenyeji wa nyumba hakuna kitakachofanyika. Nikainama kwenye tundu, nikapaza sauti: "Haya, wageni, kwaherini! Ulanzi umeisha, tokeni, mwenye nyumba anataka kulala!" Nikawafungulia na mlango watoke. Mpiga picha naye akasogea kuwapisha!

Mzee akapanda, akalala.

Majibu yakaja: uvimbe hakuna, damu haijavuja. Binti yetu akashangilia. Mimi nikamuuliza daktari, "Na ule uchafu?"

"Ule hatujauona, bibi. Labda upo, labda haupo. Tutampa dawa, tutakuwa tunamwangalia."

Nikatoka pale. Mzee alikuwa kwenye benchi nje, ananitazama tu. Ananitazama kama anatafuta kitu. Nikasema ndiyo hivyo, kumbukumbu imeshaanza kuondoka. Nikapiga magoti mbele yake, watu wote wanaangalia.

"Mume wangu, unanijua mimi? Mimi ni nani?"

Akanitazama mpaka nikaanza kulia. Halafu akafoka, benchi zima likageuka:

"Nikusahau wewe? Mwanamke pekee Kilolo nzima anayefukuza wageni hata ulanzi hawajaonja!"